Mlalaji wa Behewa la Tajiri wa Mbao

Jumatatu, 6 Oktoba

Nimelala vizuri mchana wa leo. Vizuri mno. Nilirudi ofisini na soksi tu, ikabidi nigeuze kufuata viatu kabla stesheni masta hajaniona.

Niandike hapa, maana kwingine siwezi. Kila siku baada ya chakula cha mchana nafunga dirisha la Ofisi ya Vitu Vilivyopotea. Naning'iniza kibao cha "Narudi Sasa Hivi". Nazunguka nyuma ya karakana ya zamani, kwenye ile reli iliyoota majani, ambako limesimama behewa la Tajiri wa Mbao. Napanda, navaa pajama, nalala.

Kitanda kile! Cha kwangu nyumbani mke wangu amekigeuza meza ya kukatia vitambaa; ni fundi cherehani, na kila ninapojigeuza nakutana na chaki. Lakini hiki! Kuta za msaji zinanukia kama kabati lililowahi kuwekwa asali. Mapazia yamefifia mpaka yamekuwa na rangi ya chai ya maziwa, na jua likipita hapo linaingia limelegea. Nafumba macho, behewa linaondoka. Magurudumu yameshikana kwa kutu tangu sijaoa, lakini linaondoka. Leo tulipita juu ya daraja refu sana, na maji chini yalikuwa ya kijani na hayakuwa na haraka yoyote.

Pajama si ya wizi. Ni ya hariri, ina mistari ya bluu, iliachwa kwenye treni na hakuna aliyekuja kuidai. Utaratibu unasema kitu kisichodaiwa kibaki chini ya uangalizi wa karani. Karani ni mimi. Naiangalia.

Sasa habari mbaya. Stesheni masta ametuita watumishi wote. Ile nafasi nyuma ya karakana inatakiwa, na behewa lazima liondoke kabla ya mwisho wa mwezi. Ama litakwenda makumbusho, mtaalamu wao akiliona la maana, ama litauzwa kama chuma chakavu. Na mnunuzi wa chuma chakavu ni nani? Shemeji. Kaka wa mke wangu. Mtu ambaye akisikia kengele ya shule anawaza uzito wake.

Nimepoteza hamu ya kula. Nimekula, lakini bila hamu.

Jumanne, 7 Oktoba

Mpango umepatikana. Shemeji anatafuta chuma: nitamwambia halina chuma. Mtaalamu anatafuta historia: nitamwambia halina historia. Wote watakata tamaa, behewa litabaki palepale, na mimi ndani yake. Sielewi kwa nini watu husema maisha ni magumu.

Nimeanza na shemeji. Alikuja asubuhi akatembea kulizunguka behewa huku amefunga mikono nyuma kama daktari. Nikamweleza kwa masikitiko kwamba linadanganya macho, kwamba ni mbao tupu, kwamba hata magurudumu, ukichunguza, ni aina fulani ya mbao ngumu iliyopakwa rangi. Hakubisha. Alitoa mfukoni sumaku iliyofungwa kwa kamba, akaitupa chini ya behewa. Ilinasa kwa mlio mmoja mkubwa. Ilibidi aegemeze mguu ili aibandue.

Akasema, "Mheshimiwa, sijawahi kuona mbao inayopenda sumaku namna hii."

Ameniita Mheshimiwa tangu siku ya posa, na hajawahi kumaanisha.

Jumatano, 8 Oktoba

Mtaalamu wa makumbusho amefika. Mama wa makamo, aproni yenye mifuko mingi, tochi kwenye paji la uso. Ananiita mzee wangu. Adabu nzuri, macho mabaya. Yanaona kila kitu.

Nilimwambia behewa hili halina lolote, lilikuwa la kubebea mbuzi. Akaniuliza hodhi la kuogea lenye miguu minne lilikuwa la nini. Nikasema mbuzi wa wakati ule walitunzwa. Aliandika! Nilimwona kabisa akiandika.

Kisha akauliza kwa nini kila kitu humu kina vumbi isipokuwa kitanda. Nikajibu upepo. Akasema ni upepo wa ajabu, unaotandika na shuka.

Akanisimulia habari ambayo sikuijua. Yule Tajiri wa Mbao alikuwa na nyumba kubwa iliyojaa ndugu, wageni na wadai, na hakupata usingizi ndani yake hata kidogo. Akagundua kwamba analala akitembezwa tu. Basi akajenga behewa kwa msaji wake mwenyewe, akawa analifungisha nyuma ya treni yoyote inayoondoka, iende inakokwenda. Hakuwa na safari. Alikuwa na usingizi. Asubuhi anaamka mji asioujua, anakunywa chai kwenye kibaraza cha nyuma, anasubiri treni ya kumrudisha.

Nilisikiliza huku mdomo uko wazi. Nimeishi miaka yote hii nikidhani mimi ni mvivu, kumbe nilikuwa nalitumia behewa kwa kazi yake.

Nilisahau kabisa kwamba nilitakiwa kulikashifu.

Ijumaa, 10 Oktoba

Shemeji amevuka mpaka. Leo nimekuta ubavuni mwa behewa, chini ya dirisha la chumba cha kulala, pamekwanguliwa duara kubwa kama sahani. Rangi ya kijani ya nje imeondolewa. Ndani yake kuna duara la kijivu, ndani ya kijivu damu ya mzee, ndani yake rangi ya maziwa, na katikati kabisa kidoa cha bluu. Nilijua mara moja. Anapima chuma kinaanzia wapi! Kamkwaruza bibi harusi usoni ili ajue fuvu lina unene gani.

Sikulaza damu. Ofisini kwangu kuna kopo la rangi ya kijani lililosahauliwa na fundi mmoja, na brashi aliyoisahau pamoja nalo. Nikapiga msasa pale mahali mpaka pakawa laini. Nikapaka mara mbili. Nikarudi nyuma hatua chache nikatazama kwa jicho moja, halafu la pili. Huwezi kujua kama paliwahi kuguswa. Laiti kazi yangu ya ofisini ningeifanya hivi.

Nililala na harufu ya rangi. Behewa lilipita katikati ya mashamba ambayo hayakuwa na mwisho, kijani kwa kijani, na kila mtu aliyekuwa akilima aliinua kofia. Niliamka nikiwa mtu mwema.

Jumatatu, 13 Oktoba

Nimejipalia makaa.

Mtaalamu alisimama mbele ya ule ubavu na kupapasa kwa kiganja, kama mtu anayetafuta swichi gizani. Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Alinieleza kwa upole kwamba lile duara lilikuwa kazi yake. Alikuwa amekwangua kwa vipande vidogo vya msasa na maji, tabaka moja baada ya jingine, ili kila umri wa behewa uonekane mahali pamoja. Bluu ya Tajiri. Maziwa ya mwanawe aliyelirithi. Damu ya mzee ya shirika la reli lililolinunua. Kijivu cha miaka walipolala humo mafundi wa kutengeneza njia. Na kijani cha kutelekezwa. Historia nzima ilikuwa kwenye sahani moja, na kuna mtu ameifunika.

Akauliza kama namjua mtu huyo.

Nikasema ni shemeji. Lilinitoka lenyewe! Na shemeji alikuwa nyuma yangu, kashika futi kamba. Alisema kwa utulivu kwamba hajawahi kupaka rangi kitu chochote maishani mwake, kwa sababu rangi haiongezi kilo za maana.

Basi mtaalamu ikabidi aanze upya mahali pengine. Akachagua ubao ulio juu ya mlango. Mimi nilipewa ngazi niishike, nadhani kama adhabu. Kijani kikatoka, kijivu kikatoka, damu ya mzee ikatoka, maziwa yakatoka, na kwenye bluu kukawaka kitu. Dhahabu. Herufi moja, kisha nyingine. Alikuwa akifuta polepole kwa pamba, na mimi chini nilikuwa nimeshikilia ngazi huku moyo wangu unakwenda pamoja na ile pamba. Mwisho likasomeka jina zima la behewa: USINIAMSHE.

Nilikaa chini kwenye mataruma ya reli.

Ni jina zuri kuliko yote niliyowahi kusoma. Na ni brashi yangu iliyolileta. Ningeacha duara lile pale chini ya dirisha, huyu mama asingepanda ngazi. Alimpigia mkubwa wake simu palepale akiwa juu.

Nyumbani nilikuta shemeji amekwishapita. Mke wangu alinipakulia, akaiweka sufuria mezani kwa kishindo. Nimekula kwa hamu ndogo zaidi kuliko Jumatatu iliyopita.

Alhamisi, 16 Oktoba

Imeamuliwa. Behewa linakwenda makumbusho. Shemeji hakununa, kajichukulia reli za zamani badala yake na anaimba. Anayeumia ni mimi peke yangu.

Leo mtaalamu aliniuliza nimejuaje ni ubao upi wa sakafu unaolia, maana aliona naukwepa bila kutazama. Nilitaka kutunga jambo. Nilifungua mdomo, na badala ya jambo nikamtoa baba.

Baba alikuwa mhudumu wa behewa hili, shirika la reli lilipokuwa likiwasafirisha wakubwa wake humu. Kazi yake ilikuwa kitanda. Alitandaza shuka, akalinyoosha kwa mgongo wa mkono, kutoka katikati kwenda pembeni, kwa sababu kiganja kina jasho na jasho huacha alama. Pembe alizikunja kama bahasha. Alinileta humu mara moja wakati wa likizo, nikaweka goti moja kitandani. Aliniondoa kwa sikio. Kisha akainama akapanyoosha mahali pa goti langu, kwa mgongo wa mkono.

Mwenyewe hakukilalia hata siku moja. Alipozeeka nilimuuliza kama hakuwahi kutamani. Akasema alitaka tu kujua jambo moja: kama mtu akiwa amelala pale anaisikia treni inapokata kona. Wakubwa hawakumwambia, na hakuweza kuwauliza. Amekufa bila kujua.

Mtaalamu aliweka kalamu chini. Akaniuliza kwa sauti ya chini: inasikika?

Nusura nijibu. Ndotoni huwa inasikika chini ya mbavu za kushoto. Nikasema nitajuaje mimi, mzee wa watu.

Nimwambie nani ukweli? Nilianza kulala pale kwa ajili ya baba. Siku hizi ni kwa ajili yangu zaidi, lakini sehemu ya baba haijaisha. Wakiondoa kile kitanda, nitampoteza mara ya pili. Nimelia kidogo, nikajifuta kwa mwavuli uliopotea.

Jumanne, 28 Oktoba

Siku ya kuondolewa. Sikuwa na wasiwasi. Nilikuwa na mpango.

Mpango: nijifungie chumba cha kulala. Behewa lenye mtu ndani haliwezi kunyanyuliwa; sheria hiyo lazima iwepo mahali fulani. Na nivae pajama, ili nionekane mkazi. Mgeni hufukuzwa, mkazi hujadiliwa. Watagonga mlango, nitakataa, wataita stesheni masta, nitakataa, wataita waandishi wa habari. Niliweka sare yangu ya kazi kwenye kulabu, nikafunga mlango, nikasubiri kugongwa.

Nje kulikuwa na winchi, minyororo, watu wakielekezana. Hakuna aliyegonga. Nikaona nijilaze kidogo, nisubiri nikiwa na nguvu.

Niliamka behewa linakwenda.

Nilijua ndoto hiyo. Nikatulia ndani yake, kama kila siku. Lakini dirishani vilipita vilele vya miti, halafu nguo zilizoanikwa kwenye roshani, halafu mtu akipiga mswaki ghorofani ambaye tulitazamana. Sijawahi kuota mtu anayepiga mswaki. Tulikuwa juu ya trela la lori refu, katikati ya mji, na Usiniamshe lilikuwa linasafiri.

Kisha tukakata kona. Taratibu, kwenye mzunguko mkubwa wa barabara. Na ilisikika! Si chini ya mbavu, kama nilivyokuwa nikiota. Ni kwenye nyayo. Mwili mzima umetulia, lakini nyayo zinataka kubaki nyuma, kisha zinakubali, zinafuata.

Nilisema kwa sauti, "Baba, ni kwenye nyayo."

Nikalala vilevile nikatazama dari mpaka machozi yalipoingia masikioni.

Baadaye nilijikaza. Nikatoka kwenye kibaraza cha nyuma, kama Tajiri. Upepo ukaijaza pajama. Watu waliokuwa barabarani walinipungia, nami nikawapungia, si sana, kwa heshima. Gari lililotufuata kwa karibu lilikuwa la mtaalamu. Alishika breki ghafla hivi kwamba aliyemfuata akampigia honi.

Tulipofika nilivaa sare haraka haraka na pajama nikaisukuma chini ya mto. Akaingia, akaivuta, akauliza ya nani. Nikasema bila shaka ya Tajiri mwenyewe. Hariri hudumu sana. Akaigeuza kiwiko. Pale pana kiraka cha maua ambacho mke wangu alikishona kwa pazia la jikoni, nilipomwambia mwenye pajama anakuja kuichukua. Mtaalamu alikitazama kile kiraka muda mrefu. Kisha akashikwa na kikohozi, akatoka nje.

Nadhani ameamini.

Jumamosi, 15 Novemba

Ufunguzi. Tulialikwa. Mke wangu alivaa gauni lake la mikono mirefu, shemeji alivaa tai.

Limekuwa la bluu. Bluu yake ya kwanza, na dhahabu juu ya mlango. Ubavuni mtaalamu ameacha duara jipya la rangi zote, nyuma ya kioo, na kijani changu kipo. Ndani wameweka kamba nyekundu mlangoni mwa chumba cha kulala. Nikachungulia.

Shuka limenyooshwa. Hakuna alama hata moja ya kiganja. Pembe zimekunjwa kama bahasha. Ukutani wameandika kwamba hivi ndivyo mhudumu wa behewa alivyotandika, kwa mgongo wa mkono, miaka yake yote ya kazi. Nilishindwa kusogea. Watu walinipita kushoto na kulia.

Mke wangu ndiye aliyenigusa bega, na si kwa ajili ya shuka. Kitandani walikuwa wamelaza sanamu la dukani, la kuvalishia nguo. Limevaa pajama yangu! Chini yake kibao: "Mlalaji Asiyejulikana. Behewa lilipotelekezwa na wote, mtu fulani aliendelea kulitumia kwa kazi liliyojengewa."

Mke wangu alikuwa anatazama kiwiko. Anatazama pazia la jikoni kwake. Shemeji aliegemea kamba akauliza lile sanamu lina kilo ngapi. Mtaalamu alipita akanisalimia, mzee wangu, habari za usingizi, akaenda zake.

Tukiwa kwenye basi mke wangu aliuliza kama mwenye ile pajama alikwishakuja kuidai. Nikasema suala linafuatiliwa. Akasema miaka yote amekuwa akiona mistari ya mto shavuni mwangu nikitoka kazini, na alidhani huwa nasinzia juu ya mafaili yenye mikunjo. Halafu akaanza kucheka. Alicheka mpaka tukapitiliza kituo chetu. Akasema potelea mbali, waume wa wenzake wako nyumbani tu, wa kwake yuko makumbusho.

Alipochoka kucheka nilimweleza ya baba na zile nyayo. Aliniachia nusu nzima ya kitanda jioni hiyo, akapangusa na chaki.

Jumapili, 16 Novemba

Nimejifunza mengi. Tamaa si nzuri. Uongo si mzuri. Naanza ukurasa mpya.

Isipokuwa jambo moja dogo. Lile sanamu linalala vibaya. Limekaa chali, miguu imetazama dari, mkono mmoja juu kana kwamba linasimamisha teksi. Hakuna binadamu aliyewahi kulala hivyo. Ni aibu kwa behewa, ni aibu kwa Tajiri, na ni aibu kwa baba aliyetandika.

Nilichunguza jana, kwa nia njema tu. Wanafunzi huja asubuhi. Baada ya chakula cha mchana hakuna mtu, na mlinzi wa mlangoni husinzia kwa namna ambayo naijua. Kabati la nguo la Tajiri lina nafasi ya kutosha sanamu moja lililosimama. Kutoka stesheni ni basi moja. Kibao cha "Narudi Sasa Hivi" ninacho.

Urefu wetu ni sawa. Pajama, bila shaka, inanikaa. Kinachohitajika ni kutopumua sana, na kulala ubavu ili nisikorome.

Naanza kesho. Na atakayetaka kunisumbua, asome kwanza kilichoandikwa juu ya mlango.